Barakoa ya Kulalia, na Namna ya Kuichagua

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume mna habari za kijana jina lake Eutiko. Mtume Paulo alikuwa akisema na ndugu wa Troa hata usiku wa manane, na yule kijana aliyeketi dirishani akashikwa na usingizi, akaanguka toka orofani. Watoto wa shule ya Jumapili hupenda kuicheka habari hii. Walakini tukiisoma vizuri twaona ya kuwa Paulo hakumkemea kijana kwa usingizi wake; aliacha kunena, akashuka, akamkumbatia. Sisi mara nyingi hatufanyi hivyo. Mtu akisinzia kanisani, twamkunjia uso. Mwalimu akisinzia darasani, twamwita mvivu. Baba akisinzia na chakula mkononi, watu hunong'ona ya kuwa amelewa, au ya kuwa amefanyiwa jambo na adui.

Basi, wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya watu walalao usiku kucha na kuamka wamechoka, na juu ya chombo kimoja kidogo kiwezacho kuwarudishia nguvu zao, kama kikichaguliwa vema. Chombo hicho ni barakoa ya kulalia.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno, hata njia ya hewa ikajifunga. Mke alalaye karibu husikia mkoromo mkubwa, kisha ghafula kimya. Kifua chajitahidi kupanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde 10 au 20, na pengine zaidi, ubongo hushtuka. Mtu hutweta kama atokaye majini, hewa ikaingia, naye akalala tena bila kujua neno. Madaktari huhesabu mambo hayo kwa saa. Chini ya mara 5 si kitu kwa mtu mzima. Toka 5 hata 15 ni ugonjwa mdogo. Toka 15 hata 30 ni wa kadiri. Kupita 30 ni mkali. Fanyeni hesabu wenyewe: mtu akatikaye pumzi mara 30 kwa saa, akilala muda wa saa nane, amesumbuliwa mara 240 kabla ya jogoo kuwika. Je, ni ajabu akisinzia mchana?

Wazee wetu walisema pengine ya kuwa jinamizi humkalia mtu kifuani. Hatuwadharau wazee, waliona sawasawa ya kuwa mtu anakabwa. Ila amkabaye si pepo wala jirani, ni nyama ya koo lake mwenyewe. Wala hayuko peke yake. Wataalamu waliofanya makisio mwaka 2019 walisema ya kuwa watu wazima wenye ugonjwa huu duniani, wa umri wa miaka 30 hata 69, ni kama milioni 936. Wamo wanene na wembamba, wamo wanaume na wanawake, hasa wanawake waliokwisha koma hedhi. Usipotibiwa, hufuatana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Na kwa sisi tukaao Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, ambako malori hupita mchana na usiku toka Maili Moja hata Mlandizi na kuendelea bara, haihitaji maneno mengi kueleza ni hatari gani dereva akifumba macho kwa sekunde tatu tu.

Ugonjwa huu si mpya. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens, katika hadithi yake ya Pickwick iliyotoka kati ya mwaka 1836 na 1837, alimweka kijana mnene aitwaye Joe, ambaye husinzia hata akiwa amesimama. Madaktari wa Marekani walipoandika juu ya hali kama hiyo mwaka 1956, waliipa jina kutoka hadithi hiyo. Mwaka 1965 wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani waliwapima wagonjwa usingizini kwa mitambo, wakaona wazi pumzi zikikatika. Walakini tiba kubwa ya siku zile ilikuwa nzito: kumtoboa mgonjwa tundu kooni apate kupumulia. Ndipo mwaka 1980 daktari Colin Sullivan, mjini Sydney katika nchi ya Australia, alipofikiri ya kuwa njia ijifungayo kwa kulegea yaweza kushikiliwa wazi kwa upepo. Akatengeneza mashine ya kusukuma hewa puani, na mwaka 1981 yeye na wenzake wakatangaza habari zake katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Hewa ya mashine hiyo si dawa, wala si oksijeni ya chupa. Ni hewa ile ile ya chumbani, ila husukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, ikawa kama nguzo ndani ya koo. Waganga wa hospitali huiita sipapu.

Toka mwanzo taabu ilikuwa barakoa. Zile za kwanza zilitengenezwa kwa umbo la uso wa kila mgonjwa, na kugandishwa kwa gundi kila usiku. Leo ziko za kila namna, zenye mpira laini na mikanda, lakini neno kuu halikubadilika: mashine nzuri yenye barakoa mbaya ni kama kisima chenye maji mema na ndoo iliyotoboka.

Neno hili barakoa wazee wa pwani walilijua zamani, ni kifuniko cha uso cha wanawake wa mwambao. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, kila mtoto akalijua kwa maana nyingine. Barakoa tunayoisema hapa si hizo. Hii huunganishwa na bomba la hewa litokalo kwenye mashine, nayo ina vitundu vidogo vya kutolea pumzi iliyotumika. Vitundu hivyo visizibwe kamwe, kwa plasta wala kwa kitambaa, maana ndiyo njia ya pumzi chafu.

Twamfahamu mwalimu mmoja upande wa Kisarawe ambaye habari yake yaweza kuwafaa wengine. Alipimwa, akaonekana ana ugonjwa mkali. Watoto wake wakachanga fedha, wakamnunulia mashine. Barakoa wakachagua ile iliyokuwa ndogo na nzuri ya kutazamwa, ikaayo mlangoni pa tundu za pua. Lakini mwalimu huyu ameshika chaki zaidi ya miaka ishirini, na pua yake huziba mara kwa mara. Usiku kinywa kikafunguka, hewa ikaingia puani na kutokea kinywani kama upepo wa mvukuto, koo likakauka. Akadhani mikanda imelegea, akaikaza. Usiku wa pili akaikaza zaidi. Usiku wa tatu akaamka na kidonda chini ya pua, akaivua, akaiweka juu ya kabati, ikakaa huko miezi minne. Mkewe alikuwa amekwisha hamia chumba cha watoto kwa ajili ya mkoromo, na wazee wa kanisa wakaanza kusema ya kuwa mwalimu asipewe tena kusoma somo, kwa sababu husinzia mbele ya watu.

Aliyemsaidia ni muuguzi mmoja mwenye busara. Hakumwuliza, "Unaitumia mashine?" Alimwambia, "Baba, njoo nayo hapa, ulale kitandani, uivae niione." Mara ile akatambua ya kuwa mgonjwa hupumua kwa kinywa. Wakabadilisha, akapewa barakoa ifunikayo pua na kinywa pamoja, na dawa ya kuzibua pua. Juma la kwanza alisumbuka bado. Juma la tatu mkewe akarudi chumbani mwake, na usiku ule akaamka kwa hofu, akamwekea mumewe mkono kifuani, maana kimya kilikuwa kikubwa hata akadhani amekufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala, kama watu walalavyo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Barakoa nayo ni hivyo. Haitazamwi kwa uzuri, wala kwa bei, wala kwa kuwa imemfaa fulani. Hutazamwa kwa uso wako na pumzi yako. Barakoa iliyo bora ni ile utakayoweza kuivaa usiku kucha, usiku hata usiku.

Namna zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni barakoa ya pua, ifunikayo pua tu. Madaktari wengi huanza na hii, kwa kuwa huvuja kidogo na wagonjwa wengi huizoea. Ya pili ni barakoa ya tundu za pua, isiyofunika kitu ila hukaa mlangoni pa tundu mbili. Hii ni nyepesi. Huwafaa watu waogopao kufunikwa uso, wavaao miwani wakisoma kabla ya kulala, na wenye ndevu au masharubu. Lakini kama nguvu ya hewa uliyoandikiwa ni kubwa, yaweza kuchoma pua na kuikausha. Ya tatu ni barakoa ya pua na kinywa, iwafaayo wapumuao kwa kinywa na wale ambao pua zao haziponi kuziba. Ubaya wake ni ukubwa: huvuja kwa urahisi, na ndevu nyingi huizuia isishike. Tena mtu asiyeweza kuivua kwa mikono yake mwenyewe, kama mgonjwa aliyepooza, asivikwe hii bila ruhusa ya daktari, kwa hatari ya kutapika ndani yake.

Ukienda kuchagua, fanya hivi.

Kwanza, pima pua, usipime mwili. Mtu mrefu aweza kuwa na pua ndogo, na mfupi akawa na pua pana. Barakoa nyingi huja na karatasi ya kipimo. Iwekwe usoni, nawe uwe umetulia na kinywa umekifunga.

Pili, ijaribu ukiwa umelala, si umeketi dukani. Uso wa mtu hubadilika akilala, mashavu huanguka. Lala chali, geuka kushoto, geuka kulia, nayo mashine iwe inasukuma hewa. Mtu alalaye kwa tumbo atafute ile ambayo bomba lake hutokea utosini.

Tatu, ivae kwanza, washa mashine, ndipo ukaze mikanda kidogo kidogo hata hewa iache kuvuja, kisha uache hapo. Mpira laini umetengenezwa ujae hewa na kushika wenyewe. Ukikaza mno, wauponda, nao wazidi kuvuja. Kidole kimoja na kipenye chini ya mkanda. Ukiamka na alama isiyofutika asubuhi ile, au ngozi ya juu ya pua ikianza kuuma, umekaza kupita kiasi, au kipimo si chako. Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Kwa hiyo usingoje kuona, gusa.

Nne, sikiliza hewa iendayo machoni. Macho yakiwa mekundu na makavu asubuhi, barakoa yavuja juu.

Tano, kabla ya kulipa uliza kama yaweza kubadilishwa isipofaa, na kama mpira wake wapatikana peke yake. Mpira huchakaa, hugumuka, hukunjamana, na kubadilika rangi. Barakoa isiyopatikana vipuri vyake itakuacha njiani.

Aogopaye kufungwa uso asijilazimishe usiku wa kwanza. Na aivae mchana, ameketi, akisikiliza redio, bila mashine. Kesho na mashine kidogo. Hata moyo utulie. Mashine nyingi zaweza kuanza kwa nguvu ndogo na kupanda polepole mtu akiisha lala. Mvumilivu hula mbivu.

Tena yako mambo ya nyumba zetu. Hapa pwani twalala ndani ya chandarua, na tusiache, kwa ajili ya mbu. Bomba na lipitishwe chini, pembeni mwa godoro, na chandarua kichomekwe vema juu yake. Mashine isiwekwe sakafuni, ambako huvuta vumbi, wala karibu na jiko la mkaa au la kuni. Jasho na mafuta ya uso huifanya barakoa iteleze. Nawa uso kwa sabuni kabla ya kulala, na mafuta ya nazi uyapake asubuhi. Mama mwenye nywele zilizosukwa aweza kujifunga kitambaa chepesi cha pamba kwanza, mikanda ikaja juu yake. Na aipime barakoa akiwa na msuko aliozoea kulalia. Kila asubuhi mpira uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ukaanikwe kivulini, si juani. Mashine zenye chombo cha maji cha kulainisha hewa zipewe maji safi kama kitabu chake kisemavyo. Maji ya kisima huacha ukoko mweupe, na maji ya betri ya gari yasitumike kabisa.

Umeme nao hukatika. Barakoa ya pua na kinywa ina kilango kinachofunguka hewa ya mashine ikikoma, na mwenye barakoa ya pua hupumua kwa kinywa. Basi hakuna haja ya hofu ya kufa kwa kukosa hewa. Ila ugonjwa hurudi usiku ule ule. Mwenye uwezo na aulize kama mashine yake yaweza kutumia betri au umeme wa jua, na aiwekee chombo cha kuilinda umeme ukipanda na kushuka. Asiye na uwezo alale ubavu, maana kulala chali huzidisha kujifunga kwa koo.

Neno jingine ni juu ya vyombo vya mitumba. Ndugu zetu walioko Ulaya au Marekani hututumia mashine zilizotumika, nao hufanya hivyo kwa upendo. Walakini mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilizirudisha mashine zake nyingi za aina hii, mamilioni, kwa sababu sifongo iliyomo ndani yaweza kuchakaa na kuingia katika hewa. Na mwezi wa Septemba 2022 kampuni hiyo hiyo ilionya ya kuwa baadhi ya barakoa zake zenye sumaku zisitumiwe na watu wenye vyombo vya chuma mwilini, kama kile cha kuongoza mapigo ya moyo. Wala asiivae mtu alalaye karibu na mwenye chombo hicho. Basi mashine ya kupewa ionyeshwe kwa daktari kwanza, namba yake itazamwe, na nguvu ya hewa ipangwe upya kwa ajili yako. Mpira wa barakoa uwe mpya. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na barakoa ya uso wa mwingine haizibi.

Haya yote, ndugu, hufuata kipimo, hayatangulii. Mtu asinunue mashine kwa kusikia habari tu. Aliye Kibaha na aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Aliye Kisarawe, hospitali ya wilaya. Aende na mtu alalaye naye chumba kimoja, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajui lolote; shahidi ni yule aliyekesha. Akiandikiwa kwenda Muhimbili, ikiwa Upanga au Mloganzila, aulize madaktari wa masikio, pua na koo, na kabla ya kulipa nauli aulize kipimo cha usingizi chafanyika wapi na siku gani, maana si kila hospitali inacho. Aulize pia bima yake yalipa nini. Daktari aweza kumwambia apunguze uzito, aache pombe ya jioni, au atibu pua kwanza. Haya nayo ni tiba, si maneno ya kumfukuza. Na mtoto akoromaye kila usiku na kupumua kwa kinywa apelekwe upesi, kwani mara nyingi ni mafindofindo yaliyovimba kooni, nayo yana tiba yake.

Mwisho twanena na nyumba zenyewe. Mama, mumeo akivaa barakoa usimcheke mbele ya watoto, wala usiseme anafanana na rubani wa ndege. Mwanamume wa makamo huona haya kuliko mtoto, na haya imewarudisha wengi kabatini na mashine zao. Nawe baba, mkeo akilalamika ya kuwa amechoka sikuzote, usimwambie ni kazi za nyumbani tu. Msikilize usiku, nawe uhesabu. Enyi wazee wa kanisa, kabla ya kumwondolea mtu utumishi wake kwa sababu ya usingizi, mwulizeni alalaje. Nanyi walimu, mkimwona mtoto asinziaye darasani, ulizeni nyumbani kwake kabla ya kuchukua fimbo.

Usingizi ni zawadi ya Mungu kwa maskini na tajiri sawasawa, nao haununuliwi. Ila akiupotezea mtu njia kooni mwake, akatuwekea pia watu wenye akili ya kuifungua, yatupasa tupokee msaada huo kwa shukrani, tuuchague kwa uangalifu, na tuuvae kwa saburi. Mwenye barakoa kabatini na aishushe wiki hii, aipeleke kwa muuguzi, alale kitandani, aivae, aonwe. Mungu awajalie nyote usiku wa amani.